Laini Sita Kwenye Droo Moja: Mji Umekomaa na Mchepuko, ya Dada wa Kazi Imerukwa

Wiki nzima ubuyu mjini ni mmoja tu. Mke wa msanii mmoja mkubwa wa Bongo Fleva, yule mwenye duka la vipodozi na wafuasi wa kumwaga Insta, aliingia laivu saa tano usiku akiwa na droo ya kabati mapajani. Hakujipodoa hata kidogo. Kwa mtu anayeishi kwa kuuza vipodozi, hapo tu watu wakajua kimenuka.

Ndani ya droo kulikuwa na laini sita. Tatu zimo kwenye vitochi, mbili zimebandikwa kwa selotepu kwenye karatasi, moja imeviringishwa kwenye tishu. Akaanza kuzinyanyua mbele ya kamera, moja baada ya nyingine, kama mwenye duka anayefunga hesabu za jioni. "Hii ya oda za duka. Hii ya kishikwambi cha mtoto. Hii ya rauta ya zamani. Hii ya dereva yule aliyeacha. Hii ya dada." Akafika ya sita, iliyokuwa kwenye kitochi cheusi, sauti ikakwama kidogo. "Na hii ndiyo anayoongelea na huyo mtu wake. Halafu mnajua imesajiliwa kwa kidole cha nani? Changu mimi."

Laivu ikazimwa. Komenti hazikuzimika.

Asubuhi mji ulikuwa umeshagawanyika. Timu Mke wanataka talaka kabla ya Ijumaa. Timu Mume wanauliza mwanamke mwenye akili anapekua droo za nini. Kuna kundi la tatu, wale wasioamini kitu, wanasema yote ni kiki kwa sababu jamaa ana wimbo unatoka mwisho wa mwezi. Jamaa mwenyewe aliposti picha yupo studio, akaweka kale ka-emoji ka mdomo uliofungwa zipu, basi.

Kiki au siyo kiki, droo ile si ya kuigiza. Ipo Sinza, ipo Tabata, ipo Mbezi Beach kwenye nyumba zenye mageti yanayojifungua yenyewe. Anayebisha aangalie juu ya friji kwao. Na kinachoshangaza ni kwamba laini sita zimenyanyuliwa hadharani, watu zaidi ya elfu wanatazama, halafu mji mzima umejadili moja tu.

Laini ya mchepuko kukutwa kwenye jina la mke si uchawi. Lazima kurudi nyuma hadi 2019. Tarehe 1 Mei mwaka huo ndipo usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza, na bila namba ya NIDA hakuna kusajili. Mwisho ulikuwa 31 Desemba. Rais Magufuli akaongeza siku 20, ikawa 20 Januari 2020, baada ya hapo laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Waliokuwa mjini kipindi kile wanazikumbuka foleni za NIDA, watu wanafika alfajiri na chupa ya chai, saa nane mchana wanaambiwa warudi kesho.

Sasa ndani ya nyumba nyingi mwenye namba ya NIDA alikuwa mmoja, wakizidi wawili. Huyo akageuka mashine ya familia. Kidole chake kikasajili laini ya mama mkwe, ya shemeji, ya mdogo wake aliyetoka mkoani juzi, na ya mume ambaye kila wikiendi ana shoo mkoa mwingine na foleni haziwezi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mtu anaona laini ya mama yake inakaribia kuzimwa, anatoa kidole. Halafu mwaka 2020 kanuni zikabana zaidi: mtu mmoja, laini moja kwa kila mtandao, na anayetaka ya pili ya mtandao huo huo atoe maelezo anaitaka ya nini. Nyumba yenye mahitaji mengi ikaona njia rahisi ni kuazimana vidole. Cha baba kimejaa, lete cha mama. Cha mama kimejaa, mwite anko.

Miaka ikapita, wale waliokuwa hawana NIDA wakapata. Namba zenyewe zina tarakimu 20, na zinaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, labda ndiyo maana mastaa wengine hawapendi kuzionyesha mbele za watu. Lakini wangapi walirudi dukani kuhamisha laini kwenye majina yao? Msanii wetu alipata muda wa kushuti video tatu nje ya nchi. Muda wa kwenda kuhamisha laini moja haukupatikana. Kwa mtu mwenye mambo ya pembeni, laini iliyo kwenye jina la mwingine ilikuwa imekaa pazuri tu.

Hapo ndipo wazee wa komenti walipoingia na hoja yao ya siku zote. "Nyumba ya heshima laini moja inatosha," mmoja akaandika, akapata laiki za kutosha. "Zamani simu ilikuwa moja, ipo sebuleni, na ndoa zilidumu."

Simu ya mezani ilikuwa moja kweli, kwa hao wachache waliokuwa nayo, maana enzi za Shirika la Posta na Simu kuunganishiwa laini ilikuwa kazi ya kusubiri na kujuana. Ilikaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma. Na kwenye zile za kuzungusha, kulikuwa na kakufuli kadogo kamepenyezwa kwenye tundu la namba ili kisahani kisizunguke, ufunguo uko mfukoni kwa baba. Simu ikiingia, wote wanapokea. Kupiga, mpaka mshua aamue. Watoto watundu wakagundua kwamba ukigonggonga kile kitufe cha kuwekea mkono wa simu, mara tatu kwa tatu, mara saba kwa saba, namba inatoka bila kugusa kisahani. Bili ikija mwisho wa mwezi, kesi nzito.

Wenye uwezo walivuta waya hadi chumbani wakaweka simu ya pili, ila laini ni ile ile. Binti anaongea sebuleni kwa sauti ya chini, chumbani mtu ananyanyua taratibu, inasikika "tik", na binti ghafla anaanza kuuliza maswali ya hisabati ya ukurasa wa 42. Laini ya pili yenye namba yake na bili yake ilikuwa ya mtu mwenye biashara au daktari anayeitwa usiku. Kwa hiyo wazee wakisema ndoa zilidumu kwa sababu simu ilikuwa moja, wakumbuke pia kwamba simu ile ilikuwa jina la baba, bili ya baba, na kufuli la baba. Siri zilikuwepo. Zilikuwa zinapita kwa barua na kwa mtoto wa jirani.

Nyumba ya leo haiwezi kuishi na laini moja, na hilo halina haja ya kuombewa msamaha. Mwanamke anayeuza vipodozi mtandaoni akiweka namba yake binafsi kwenye posti, saa nane za usiku atapigiwa na mtu anayeuliza bei ya losheni ambaye kiukweli haulizii losheni. Laini ya duka ni lazima. Rauta inataka laini. Mtoto anasoma kwa kishikwambi, anataka laini, na kwa kuwa hajafika miaka 18 inasajiliwa kupitia mzazi, hapo jina la mzazi ndipo mahali pake. Na mtaani kila mtu anajua mchezo wa mabando: mtandao huu dakika ni rahisi, ule intaneti ina kasi, ule mwingine ndio uko nao mama kijijini. Mtu mwenye laini tatu anaweza kuwa anabana matumizi tu.

Kwa hiyo swali la kwamba laini ni ngapi halina maana kubwa. Swali ni kila laini iko kwenye jina la nani, na inakaa mkononi mwa nani. Kwenye droo ya yule dada wa vipodozi laini tatu zilikuwa zake kwa jina na kwa matumizi. Nyingine tatu, ya dereva, ya dada wa kazi na ya mume, jina lake, mkono wa mtu mwingine. Hizo tatu ndizo bomu, na la mchepuko ndilo dogo kuliko yote.

Kwa nini dogo? Kwa sababu mchepuko unaumiza moyo lakini hauleti polisi getini. Dereva aliyeacha kazi angeweza kuwa bado anaitumia laini ile. Siku moja inatoka meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", bibi wa watu huko anatuma hela ya pembejeo, anashtaki. Namba inafuatiliwa, jina linatoka: mke wa staa. Ataeleza sana kwamba laini hakuwa nayo yeye, na wakati anaeleza yupo kaunta kituoni, na kuna mtu kwenye benchi anampiga picha. Bado mikopo ya kwenye simu. Mtu anakopa kidogo kidogo kwenye laini yenye jina lako, halipi, siku ukienda kukopa wewe unaambiwa una deni. Watu wanampa mtu kidole kirahisi kuliko wanavyompa elfu kumi.

Halafu kuna ile iliyoviringishwa kwenye tishu.

Kwenye laivu ilichukua sekunde mbili. "Hii ya dada." Ikarudishwa ndani ya droo. Kabla ya hapo mke alishadokeza kwamba dada hayupo tangu Jumapili, kwamba amerudishwa kwao kwa sababu alikuwa anajua mambo na kunyamaza. Huenda alijua kweli. Beki tatu wa mjini anajua kila kitu, na kila bosi anamtaka anyamazie ya kwake na aseme ya mwenzake. Lakini dada kaondoka, laini yake imebaki kwenye droo ya bosi. Na watu wakapiga makofi: "Safi sana mama, laini si ya kwako bwana, imesajiliwa kwa jina lako!"

Ni kweli, jina ni lake. Ila ndani ya laini ile mna nini? Mshahara, maana siku hizi mabosi wengi wanalipa kwa simu. Huenda mshahara wa mwezi uliopita ulikuwa umetumwa nusu nyumbani, nusu umebaki. Mna hela ya mchezo anaocheza na wenzake wa mtaa ule, na zamu yake labda ni mwezi huu. Mna namba ya mama yake, ambayo hajaikariri kwa sababu nani anakariri namba siku hizi. Mna namba ya yule mama wa mtaa wa pili aliyewahi kumwambia, "ukitoka hapo, nitafute." Kazi za ndani zinapatikana kwa kupigiwa simu. Namba ikifa, msichana anafutika mjini kana kwamba hakuwahi kuishi hapa.

Na hana pa kwenda kuidai. Akienda dukani kurudisha laini, anaulizwa namba ya NIDA iliyosajili na kidole kilichosajili. Vyote viwili viko Mbezi kwenye nyumba aliyofukuzwa. Namba ya siri ya kutolea hela anaijua yeye, sawa, lakini mwenye kidole anaweza kuirudisha laini ikiwa imepotea na kubadilisha namba ya siri. Mwenye kidole ndiye mwenye kila kitu. Kufuli la kwenye simu ya mezani limehamia kwenye kidole cha bosi, na safari hii ndani yake zimefungwa hela za mtu.

Mke huyu si mtu mbaya, na walioanza kumuita mchawi kwenye komenti watulie. Kaumizwa, kapekua, kakuta, kalipuka. Na uwezekano mkubwa ni kwamba siku anamsajilia dada laini alikuwa anamfanyia wema. Msichana ametoka mkoani, hana cheti mkononi, hana NIDA, pengine umri wa kupata NIDA ulikuwa haujafika, na kuna haja ya kumpigia akiwa na mtoto nyumbani. Kidole kikatolewa mbele ya kijana wa mwavuli pale kituoni, dakika tano kazi imeisha. Mabosi wengi walioko Timu Mke na Timu Mume wamefanya hivyo hivyo, na kwao nyumbani yupo dada ambaye kila alichonacho mjini kimeshikwa na kidole kisicho chake.

Tofauti ni kwamba wema ule haukuendelea. Dada akifika miaka 18 kuna fomu ya NIDA ya kujaza, kuna serikali ya mtaa ya kugonga muhuri, kuna siku moja au mbili za ruhusa, kuna nauli. Bosi anayeweza kumnunulia mtoto kishikwambi anaweza kutoa siku mbili. Kadi yenyewe hata ikichelewa, namba tu inatosha kusajilia laini. Halafu wanakwenda wote wawili duka la mtandao husika, hela zilizomo zinatolewa kwanza ili pasiwe na maneno, mwenye jina anaiachia laini, mwenye kuitumia anaweka kidole chake. Mchana mmoja. Watu wanakaa saluni muda mrefu kuliko huo.

Na kwa yeyote anayejiuliza jina lake liko kwenye laini ngapi za watu, *106# ipo bure. Menyu inakuja, unachagua kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, unaingiza namba ya NIDA, majibu yanakuja. Wapo wanaokuta namba ambazo hawajawahi kuziona maishani, na hapo mara nyingi mkosaji ni yule wakala aliyesema "weka tena kidole, ya kwanza haijasoma". Ya kwanza ilisoma. Ilisajili laini ya mtu mwingine. Ukikuta ngeni, nenda dukani ikafutwe. Meseji za "tuma kwenye namba hii" nazo, badala ya kuzipigia skrini shoti za kuchekesha kwenye status, zitumwe pamoja na namba iliyozituma kwenda 15040.

Ila kuna namba ngeni na kuna namba unayoijua ni ya nani. Hizi mbili zisichanganywe. Kufuta laini ya tapeli ni kujilinda. Kufuta laini ya msichana aliyekupikia miaka mitatu, bila kumwambia, bila kumpa nafasi ya kutoa elfu arobaini yake iliyomo, ni kumchukulia hela. Anayebisha amuulize dada wa kwao kwenye laini yake mna kiasi gani leo.

Timu Mume wanasema mwenye jina ana haki ya kufanya anachotaka. Haya, basi wakubali na upande wa pili. Kama jina ndiyo umiliki, meseji zote za kitochi cheusi ni za mke. Yeye ndiye aliyemwambia yule mwanamke "nimekumiss", yeye ndiye aliyetuma ile laki mbili ya kodi ya chumba. Hakuna hata mmoja wao anayesema hivyo. Wote wanajua laini ile ni ya mume kwa sababu yeye ndiye anayeongelea. Inapofika kwa dada, ghafla jina linakuwa ndiyo kila kitu.

Jumatano jioni mke alirudi Insta. Safari hii kapendeza, taa imewekwa vizuri, losheni tatu mbele yake na ofa ya wiki. Akajibu maswali machache. Kuhusu mume, akasema familia zinazungumza. Kuhusu zile laini, akasema amekwenda dukani mwenyewe, ya oda ndiyo amebaki nayo, nyingine zote tano amezifunga. "Sitaki tena jina langu kwenye ujinga wa mtu." Mioyo mekundu ikapanda skrini nzima.

Chini kabisa ya ile laivu ya kwanza, katikati ya matusi na emoji za moto, mtu mmoja asiye na picha aliandika tangu usiku ule ule: "Sasa dada anatumia nini?" Hakuna aliyemjibu. Jumatano usiku ilikuwa na laiki 11.